Aliyekufa Harudi: Sheria ya Kifo katika Gemu za Fire Emblem

Fire Emblem ni mfululizo wa gemu za Kijapani ambamo mchezaji huongoza jeshi dogo kwenye ramani iliyogawanywa viraba kama ubao wa dama, kila upande ukicheza kwa zamu yake. Gemu ya kwanza iliingia madukani nchini Japani tarehe 20 Aprili 1990, kwa mashine ya Famicom. Iliundwa na kampuni ya Intelligent Systems ya Kyoto na kutolewa na Nintendo. Kilichoitenga na gemu nyingine za vita za wakati huo ni sheria moja: mhusika akiuawa vitani, amekufa. Sura inayofuata huanza bila yeye, na hadithi huendelea kana kwamba nafasi yake imefungwa. Namna wachezaji walivyoikwepa sheria hiyo, na namna waundaji walivyowajibu, ndiyo iliyoufanya mfululizo huu uwe ulivyo leo.

Mwaka 1988 kampuni hiyo hiyo ilikuwa imetengeneza Famicom Wars, gemu ya vifaru, meli na askari wa miguu wanaozalishwa kwa fedha za miji iliyotekwa. Kifaru kikiungua, kinanunuliwa kingine. Hakuna anayekilia, kwa sababu hakina jina. Upande mwingine, tangu mwaka 1986 gemu ya Dragon Quest ilikuwa imewazoesha vijana wa Japani kulea shujaa mmoja kwa saa nyingi, kuona nguvu zake zikipanda kidogokidogo, na kumwona akifufuka kila alipoanguka. Shouzou Kaga, mbunifu wa Fire Emblem, alizikutanisha njia hizo mbili. Kutoka kwenye gemu za vita alichukua ramani na zamu. Kutoka kwenye gemu za mashujaa alichukua majina, sura za watu na ukuaji wao. Kufufuka hakukuchukua. Kazi hiyo ilisimamiwa na Gunpei Yokoi wa Nintendo, na muziki ulitungwa na Yuka Tsujiyoko.

Wazo la kiongozi kutembea na askari wanaokua halikuzaliwa siku hiyo. Bokosuka Wars ya mwaka 1983 tayari ilikuwa na mfalme anayesonga mbele na jeshi lake, huku askari wakipata nguvu kwa kupigana. Lakini askari wale hawakuwa na majina. Katika Fire Emblem ya kwanza kuna watu 52 wanaoweza kuandikishwa, na kila mmoja ana jina lake.

Hesabu za pambano ni nyepesi kiasi kwamba mtoto anaweza kuzifanya kichwani, na wepesi huo ni sehemu ya ubora wake. Nguvu ya mpiganaji hujumlishwa na nguvu ya silaha yake, kisha hutolewa ulinzi wa adui. Mwenye nguvu 8 na upanga wa 5 akimpiga mwenye ulinzi wa 4, pigo huwa 9. Adui mwenye uhai wa 18 ataanguka kwa mapigo mawili. Aliye mwepesi kuliko mpinzani hupiga mara mbili katika pambano moja. Mwenye upinde humwangusha kirahisi anayeruka juu ya farasi wa mabawa. Silaha nazo huchakaa: kila moja ina idadi ya mapigo, na ikiisha inavunjika mkononi. Kwa hiyo mchezaji huwa anapanga mambo matatu kwa pamoja: nani asimame wapi, nani apewe pigo la mwisho ili apate uzoefu, na silaha ipi itunzwe kwa ajili ya kesho.

Uzoefu ndio mali inayogombewa. Kila adui anayeuawa huongeza ujuzi wa mmoja tu, na mtu akipanda daraja, nguvu, wepesi na ulinzi wake huongezeka kwa bahati, hivyo mhusika yule yule anaweza kuwa simba kwa mchezaji mmoja na kuwa dhaifu kwa mwingine. Gemu ya kwanza ilitega mtego hapa. Mwanamfalme Marth wa Altea, anapoanza safari ya kurudisha nchi yake iliyotekwa, hufuatana na mzee aitwaye Jagen, askari farasi mwenye nguvu kupita wenzake wote. Ni rahisi kumtegemea. Lakini Jagen hakui sana, na kila adui anayemuua ni chakula kilichoondolewa mdomoni mwa vijana. Baada ya sura kadhaa mzee amepitwa na wakati na vijana bado ni wachanga. Wapenzi wa mfululizo huu wamelifanya jina lake kuwa jina la aina nzima: katika gemu zilizofuata, mkongwe yeyote anayetolewa mwanzoni huitwa Jagen.

Upande wa adui pia kuna watu wanaoweza kuvutwa. Katika sura ya tatu, mpiga upanga aitwaye Navarre anatumikia majambazi; binti mfalme Caeda akimsogelea na kuzungumza naye, anageuka na kujiunga na Marth. Asiyejua humuua Navarre na kupoteza mmoja wa wapiganaji bora bila kujua alichokipoteza. Kwa sababu hiyo mchezaji mwangalifu hujifunza kusoma nyuso kabla ya kupiga: adui mwenye jina na picha yake mwenyewe huenda ana neno la kusema.

Kifo katika gemu hiyo kilikuwa na mlango mmoja mwembamba wa kutokea. Karibu na mwisho hupatikana fimbo iitwayo Aum, inayoweza kumrudisha marehemu mmoja, na si kila mtu anaweza kuitumia. Kwa wengine wote, kifo kilikuwa cha moja kwa moja, na Marth mwenyewe akianguka mchezo huishia hapo.

Wachezaji hawakuikubali hali hiyo kimya. Wakati mwingine mganga wa jeshi, aliyelelewa kwa sura kumi, aliuawa kwa mshale ambao haukutarajiwa. Badala ya kuendelea bila yeye, mchezaji alizima mashine, akaiwasha, na kuianza sura upya. Desturi hii ilienea hadi ikawa ndiyo njia ya kawaida ya kuimaliza gemu. Kwa maandishi ya sheria, Fire Emblem ilikuwa hadithi ya vita na misiba yake. Mikononi mwa watu ikawa fumbo la kulinda kila roho, ambamo kosa moja katika zamu ya mwisho lilifuta kazi ya saa nzima. Ni vigumu kusema kwamba walikosea. Aliyekataa kumwacha mtu wake afe alikuwa amelichukulia jina lake kwa uzito kamili, jambo ambalo Famicom Wars haikuwahi kumdai mtu yeyote.

Kaga aliendelea kulizungukia jambo hilo kwa njia mpya kila mara. Baada ya Gaiden ya mwaka 1992 na Mystery of the Emblem ya mwaka 1994, mwaka 1996 ilitoka Genealogy of the Holy War kwa mashine ya Super Famicom. Ramani zake ni kubwa mno, sura ni 12 tu, na mchezaji anaruhusiwa kuhifadhi mchezo mwanzoni mwa kila zamu. Adhabu ya kurudia ilipungua sana. Lakini msiba ukahamia kwenye hadithi yenyewe. Katikati ya safari, shujaa Sigurd husalitiwa na kuuawa pamoja na wengi wa jeshi lake, na hakuna kuzima mashine kunakoweza kumwokoa. Nusu ya pili inachezwa na watoto wao, na watoto hao hurithi silaha na vipaji kulingana na nani alioana na nani katika nusu ya kwanza. Humo pia ndimo ilimoanzishwa kanuni ya pembetatu ya silaha inayojulikana hadi leo: upanga hushinda shoka, shoka hushinda mkuki, mkuki hushinda upanga.

Thracia 776 ya mwaka 1999 ilikuwa kali zaidi. Wapiganaji huchoka wakitumiwa mfululizo, na adui anaweza kutekwa akiwa hai ili anyang'anywe silaha. Mwaka huo huo Kaga aliondoka Intelligent Systems. Mwaka 2001 alitoa Tear Ring Saga kwa mashine ya PlayStation kupitia kampuni ya Enterbrain, nayo ilifanana na kazi yake ya zamani kiasi kwamba Nintendo ilienda mahakamani. Kesi iliendelea hadi mwaka 2005, Enterbrain ikaamriwa kulipa fidia, lakini gemu yenyewe haikuzuiwa kuuzwa.

Hadi hapo nchi nyingine hazikuijua Fire Emblem. Mlango ulifunguliwa na Super Smash Bros. Melee ya mwaka 2001, gemu ya kupigana iliyomweka Marth na kijana Roy miongoni mwa wapiganaji wake, na watu wa Marekani na Ulaya wakaanza kuuliza hawa ni akina nani. Gemu ya saba, iliyotoka mwaka 2003 kwa Game Boy Advance, ndiyo ya kwanza kutafsiriwa kwa Kiingereza. Iliwafundisha wageni taratibu, sura kwa sura, kupitia msichana wa nyikani aitwaye Lyn.

Gemu za Game Boy Advance zilikuwa na huruma ya siri. Skrini ikionyesha kwamba pigo lina nafasi ya asilimia 80 kulenga, mashine haikuchagua namba moja ya bahati. Ilichagua mbili na kuchukua wastani wake. Kwa hesabu hiyo asilimia 80 huwa kama 92, na asilimia 20 hushuka hadi kama 8. Jeshi la mchezaji kwa kawaida ndilo lenye nafasi kubwa za kulenga, na adui ndiye mwenye ndogo, hivyo udanganyifu huu uliwalinda watu wake bila yeye kuambiwa.

Mwaka 2008 gemu ya kwanza iliundwa upya kwa Nintendo DS kwa jina la Shadow Dragon, na humo lilifanyika kosa kubwa. Sura kadhaa za ziada zilifunguka pale tu jeshi lilipobaki na watu 15 au pungufu. Nia ilikuwa kumfariji aliyepoteza wengi, lakini waliozoea kuokoa kila mtu walilazimika kuwapeleka watu wao kuuawa kwa makusudi ili waione gemu yote. Miaka miwili baadaye, New Mystery of the Emblem, iliyouzwa Japani pekee, ililegeza kamba: kwa mara ya kwanza mchezaji aliweza kuchagua aina ya mchezo ambamo anayeanguka hurudi vita vikiisha.

Uchaguzi huo uliingia pia katika Awakening ya mwaka 2012, na gemu hiyo ilikuja wakati wa hatari. Mauzo yalikuwa yameshuka, na Nintendo ilikuwa imesema kwamba isipouzwa angalau nakala 250,000 huenda ingekuwa ya mwisho. Ilivuka nakala milioni mbili. Wengi walioinunua hawakuwahi kugusa Fire Emblem kabla, na mlango wa huruma uliwapa nafasi ya kuingia. Wakongwe walilalamika kwamba mfululizo umepoteza uti wa mgongo wake. Lalamiko hilo halikuwa na msingi mkubwa, kwa kuwa sheria ya zamani ilibaki palepale kwa anayeitaka, na wengi wa waliolalamika walikuwa wameikwepa kwa kuzima mashine kwa miaka ishirini.

Waundaji walikiri hivyo kwa vitendo mwaka 2017. Katika Echoes, gemu iliyoiunda upya Gaiden, mchezaji alipewa gurudumu la kurudisha zamu nyuma, kwa idadi ya mara yenye kikomo. Desturi ya kuwasha upya, iliyokuwa nje ya sheria tangu mwaka 1990, ikaingizwa ndani ya mchezo na kupewa maelezo katika hadithi. Three Houses ya mwaka 2019 ilifuata njia hiyo, na Engage, iliyotoka tarehe 20 Januari 2023, pia. Katika ugumu wa kawaida wa Engage, mchezaji anaweza kurudisha wakati nyuma mara nyingi apendavyo.