Kuimarisha Hoja ni Kuziba Ufa

Mtihani wa LSAT ulianza kutolewa mwaka 1948, na hadi leo huwachuja wanaoomba kusomea sheria Marekani na Kanada. Tangu Agosti 2024, sehemu mbili kati ya tatu zinazotolewa alama hupima uwezo wa mtahiniwa wa kuchambua hoja. Humo kuna swali linalorudi kila mara: kati ya kauli hizi tano, ni ipi ambayo, ikiwa ni kweli, inaimarisha zaidi hoja? Naamini wengi hulikosa kwa kudhani kwamba kuimarisha ni kurundika maneno upande wa hitimisho. Sivyo. Fundi hawezi kuziba ufa ambao hajauona, na mwenye kuimarisha hoja sharti kwanza aone inapovuja.

Tuitazame hoja halisi. Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kililipuka Soho, London, na katika siku 10 hivi kikaua watu zaidi ya 500. Daktari John Snow aliona kuwa vifo vimesongamana karibu na pampu ya maji ya Broad Street, akahitimisha kwamba maji yale ndiyo yanayoeneza ugonjwa. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kuwa kipindupindu huletwa na hewa yenye uvundo. Ufa wa hoja ya Snow umo hapo: wanaoishi karibu na pampu hunywa maji mamoja, lakini pia huvuta hewa moja.

Sasa mpe mtahiniwa machaguo. Moja linasema vifo vilikuwa vingi kuliko ilivyodhaniwa. Linavutia, kwa kuwa linazungumzia jambo lenyewe na kulikuza. Lakini hewa chafu nayo ingeua wengi. Takwimu hiyo inazibeba nadharia zote mbili sawasawa, kwa hiyo haimsaidii Snow hata kidogo. Chaguo jingine linamtaja mjane wa Hampstead, mbali kabisa na Soho, aliyeyapenda maji ya pampu ile hata akawa analetewa chupa kwa mkokoteni. Aliyanywa, akafa kwa kipindupindu. Mpwa wake aliyekuja kumtembelea aliyanywa, akarudi kwake Islington, naye akafa. Hawa ni watu wawili tu, lakini uzito wao unayapita yale mamia, kwa sababu waliyanywa maji ya Soho bila kuvuta hewa yake.

Upande wa pili wa sarafu ulikuwa Poland Street, kwenye nyumba ya kutunzia maskini. Walikaa humo watu 535, wamezungukwa na misiba karibu kila upande, na waliokufa kwa kipindupindu ni 5 tu. Nyumba ile ilikuwa na kisima chake. Hewa ileile, maji tofauti.

Mtahiniwa makini atauliza: je, mjane hakuweza kuambukizwa kwa njia nyingine? Aliweza. Ila swali halidai uthibitisho. Linataka kauli inayofanya hitimisho liaminike zaidi kuliko awali. Na maneno "ikiwa ni kweli" yanamwondolea mtahiniwa kazi ya kuitilia shaka kauli yenyewe. Ndiyo maana kauli kali, yenye "wote" au "kamwe", si ya kuogopwa hapa. Katika maswali yanayotafuta dhana ambayo hoja haiwezi kusimama bila hiyo, ukali huo mara nyingi ni mtego. Hapa ni nguvu. Nasikitika kila ninapoona mwanafunzi mwenye akili akilikata jibu sahihi kwa kuwa tu "limezidi mno."

Kipimo hikihiki kinatulazimu kuipima upya sehemu maarufu kuliko zote ya kisa hiki. Tarehe 8 Septemba mkono wa pampu uliondolewa, na wasimuliaji wengi husema ugonjwa ukakoma. Kama ushahidi, tukio hilo ni dhaifu: wakazi wengi walikuwa wamekwisha kukimbia mtaa, na wagonjwa wapya walikuwa wakipungua kabla ya mkono kuguswa. Snow mwenyewe aliliona hilo na akaliandika waziwazi. Uzito wa hoja yake aliuacha kwa mjane wa Hampstead na kisima cha Poland Street.