Engaruka: Sahihisho la Mwalimu Wenu

Mwaka huu mjukuu wangu hapa Sydney alipewa kazi shuleni aeleze mji wa kale wa bondeni mwa mto. Akachagua Mohenjo-daro, uliopo Pakistan, mji wa matofali wenye visima na mitaro iliyofunikwa. Akaniuliza, "Babu, na kwetu je?" Nikamtajia Engaruka, papo hapo nikakumbuka kuwa nina deni.

Baadhi yenu mlikuwa wanafunzi wangu, nami niliwaandikia ubaoni kuwa Engaruka ulikuwa mji wa watu zaidi ya 30,000. Hesabu hiyo ilitoka kwa Louis Leakey, aliyechimba huko mwaka 1935. Waliomfuata wameipunguza sana. Haukuwa mji mmoja, bali vijiji saba vya watu elfu chache, tangu karne ya 15 hivi mpaka ya 18.

Msidhani kwa hayo kuwa kazi yao ilikuwa ndogo. Engaruka iko chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kaskazini mwa Tanzania, mahali pa mvua haba. Nyumba walizijenga mteremkoni, juu ya matuta ya mawe, na tambarare wakaiachia mashamba. Maji waliyatoa mtoni kwa mifereji, yakashuka yenyewe bila pampu wala saruji, yakagawanywa katika vishamba vilivyopangiwa mawe, jumla yake kiasi cha kilomita za mraba 20. Walilima mtama. Jambo moja nimelisoma uzeeni nikastaajabu: pengine hata udongo waliuvuna, wakizuia kwa mawe tope lililoletwa na maji, safu juu ya safu, mpaka likawa shamba.

Na aliyelima kwa mfereji ajua kuwa taabu si kuchimba, taabu ni zamu. Wa juu akipitisha saa yake, wa chini hukosa. Hawa walipatana vizazi kwa vizazi!

Mto Engaruka ungali ukitiririka, na wakulima wa leo wanautumia. Vijito vya pembeni, vilivyonywesha mashamba mengine, havina tena maji ya mwaka mzima. Hiyo yadhaniwa kuwa sababu mojawapo ya wenyewe kuhama.

Basi, wenye madaftari ya zamani, sahihisheni. Langu ninalo hapa, na ile 30,000 nimeikata kwa kalamu nyekundu.