Mwali, Mlima na Mkanda: Namna Harusi za Morogoro Zilivyoingia Kwenye Video



Bibi harusi siku hizi ana maswali mengi: ukumbi, mpambaji, mpishi, hina, nguo ya nikaha na nguo ya usiku. Lakini kuna swali moja ambalo mara nyingi huja mwisho, wakati pesa zimeshatolewa: ile video, ikishapigwa, itakaa kwa nani? Tumeona tulijibu kwa njia ya historia, na tumechagua Morogoro. Mabinti wetu wengi wa visiwani wanaolewa huko, na wengine wanasoma huko, hasa tangu Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro kilipofungua milango mwaka 2005. Wenyewe wanauita mji wao "mji kasoro bahari". Sisi bahari tunayo, tumekosa mlima tu, ndiyo maana kila anayekwenda kuoza Morogoro hurudi na picha ya Uluguru nyuma ya bibi harusi.

Malkia aliyeandikwa na mgeni

Kabla ya kuwa Morogoro ya reli na mkonge, palikuwa na mji wenye ukuta wa mawe chini ya milima, uliojengwa na mtawala Kisabengo katika karne ya 19, kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara. Binti yake ndiye aliyemrithi, na jina la Simbamwene likawa la mji na la mtawala pia. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita hapo akimtafuta Livingstone, akauandika mji na ukuta wake, akamtaja pia yule mwanamke aliyetawala. Mwaka uliofuata, 1872, mafuriko yakaubomoa vibaya.

Tunaanza na Simbamwene kwa sababu moja. Mwanamke aliyekuwa na mji, watu na mamlaka, sehemu kubwa ya habari zake imetufikia kupitia kalamu ya mwanamume mgeni aliyekuwa mpita njia. Kalamu haikuwa yake, wala hakuulizwa kiandikwe nini. Lishikeni hilo, tutarudi kwake.

Mwali alifichwa, kisha akatolewa

Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Ardhi ya ukoo hupita kwa akina mama, na mjomba ana kauli nzito katika ndoa ya binti. Desturi yao nyingine inafanana na yetu: binti aliyevunja ungo aliwekwa ndani. Alikaa ndani miezi mingi, na zamani hata miaka, akifundishwa na wanawake wakubwa. Siku ya kutolewa ilikuwa ya ngoma na ya watu wote kumtazama.

Kumficha mwali kulikuwa na mwisho, na wanawake ndio waliouamua mwisho huo. Walipanga siku, nguo, na nani asimame karibu naye. Huku kwetu pwani na visiwani somo amekuwa na kazi kama hiyo: anamsinga mwali kwa singo, anampaka hina, anamfundisha, na ndiye anayemlinda asionekane kabla ya wakati. Uislamu ulipopanda milimani pamoja na wafanyabiashara na masheikh kutoka pwani, ulikuta tayari watu wanaoelewa kwamba uzuri wa mwali una wenyewe wa kuuona. Aya ya 31 ya Surat An-Nur ikawapa mpaka ulio wazi: imewataja mahaarimu mmoja mmoja.

Na "watoa huduma" wa harusi wakati huo? Walikuwepo. Somo, msusi, wapiga dufu, mpishi wa pilau, vijana wa kuchoma kuni. Malipo yao yalikuwa kanga, kitoweo, shilingi chache na dua. Jirani aliyekosea hakuwa na pa kukimbilia, maana kesho mngekutana kisimani. Dhamana ilikuwa ule ujirani wenyewe.

Reli na studio

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, wakati wa Wajerumani. Pamoja na mizigo ilileta maduka, mafundi cherehani na hatimaye wapiga picha. Huku Unguja picha zilitangulia. A. C. Gomes alikuwa na studio mjini tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, ambayo Mji Mkongwe wote unaijua. Wanazuoni nao waliulizwa hukumu ya picha. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia 1914, aliandika kwamba picha ya kamera ni kivuli kilichozuiliwa, haiingii katika makatazo ya kuchora na kuchonga. Wengine hawakumfuata, na tofauti hiyo ipo mpaka leo. Kila mmoja wetu amuulize anayemwamini katika elimu.

Picha ya studio ilikuwa jambo la utulivu. Maharusi walikwenda wenyewe, wakasimama mbele ya pazia, wakapigwa mara moja au mbili. Mkanda wa filamu ulikuwa na picha 36 kwa wingi, kila moja ni gharama, kwa hiyo hakuna aliyepiga ovyo. Lakini hapo ndipo mgawanyiko ulipoanza. Familia ilirudi nyumbani na karatasi, na filamu yenyewe ilibaki studio. Anayeshika filamu ndiye anayeweza kutoa nakala. Sentensi hiyo ni ya miaka ya santuri, na bado inatawala mkataba wa video wa leo.

Sauti ilitangulia sura

Nchi iliijua Morogoro kwa masikio kwanza. Salum Abdallah na Cuban Marimba, kisha Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, waliingia nyumba za watu kwa redio na santuri. Salum alifariki mwaka 1965 na Mbaraka mwaka 1979, wakati Bara ikiwa haina kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar ilianza televisheni ya rangi mapema miaka ya 1970, ya kwanza kusini mwa Sahara. Bara ilisubiri hadi 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo.

Kwa mwanamke wa Kiislamu, sauti kusafiri bila sura si jambo geni. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na sauti yake ikasikika mpaka mahali ambapo uso wake haukuonekana. Video ndiyo iliyobadili mambo: ilibeba sauti, sura, nguo, nywele na mwendo, vyote pamoja.

Deki sebuleni

Mfumo wa VHS ulianzishwa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976. Kwetu deki zilianza kuonekana kwa wingi baada ya masharti ya kuingiza bidhaa kulegezwa mwaka 1984 na kuendelea katika miaka ya ruksa ya Rais Mwinyi. Miaka ya 1990 mpiga video alikuwa mtu wa heshima kwenye harusi. Alikuja na kamera ya begani, kijana wa kushika taa kali, na waya mrefu uliopita katikati ya wageni. Vijiji vya juu, Mgeta au Kinole, ambako umeme ulichelewa, kazi hiyo ilihitaji jenereta na mafuta yake.

Wanaume na kamera wakaingia upande wa wanawake. Mwenye kamera alikuwa karibu kila mara mwanamume, na familia ilijikuta inachagua: bibi harusi ajifunike ndani ya hafla yake mwenyewe, au apigwe bila stara na mtu asiye maharimu. Pwani ya Kenya jambo hilo lilileta mjadala mkubwa, maana usiku wa kupamba ni wa wanawake watupu. Jawabu mojawapo Mombasa lilikuwa rahisi: wanawake wenyewe wakajifunza kushika kamera.

Hata hivyo mkanda wa VHS ulikuwa na ulinzi wake wa asili, ambao hatukuuthamini mpaka ulipoondoka. Kuunakili kulihitaji deki mbili na muda sawa na urefu wa harusi. Nakala ya kwanza ilififia kidogo, nakala ya nakala ilifubaa, ya tatu ilikuwa mchele mtupu. Kwa hiyo mkanda haukwenda mbali. Ulitoka kwa mama ukaenda kwa shangazi, ukarudi na ukungu kidogo. Aliyeazima alijulikana kwa jina.

Kamati, michango, na kazi kuwa biashara

Katika miaka hiyohiyo harusi za mijini zilibadilika. Kamati ya harusi, kadi za michango, sendofu na kicheni pati vikaenea Bara, Waislamu na Wakristo. Fedha zikakusanywa na kamati, na kamati ikahitaji watu wa kulipwa: ukumbi, mapambo, chakula, mshereheshaji, gari, video. Jirani aliyepika kwa dua akawa mpishi mwenye bei ya sahani. Hatulilaumu hilo, ni riziki ya halali na wengi wao ni wanawake. Ila dhamana ya kisimani ilipotea, na mahali pake hapakuwekwa kitu. Watu waliendelea kupeana kazi kwa neno la mdomo, na mtu wa kutoka mji mwingine.

Kisha zikaja CD na DVD, halafu kadi ndogo ya kamera, halafu simu. Nakala ya elfu moja ikawa safi kama ya kwanza. Sasa mpiga video ana kompyuta yenye harusi mia, na ukurasa wa kutangaza kazi zake. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR inamtoa Dar es Salaam hadi Morogoro kwa chini ya saa 2, anapiga, anarudi usiku huohuo na sura yako mfukoni. Na kabla hajafika nyumbani, wageni waliokwisharekodi kwa simu wameshakuweka kwenye stetasi.

Hapa ndipo Simbamwene anaporudi. Yeye hakuwa na nafasi ya kumwambia Stanley kipi aandike. Wewe unayo.

Tulichojifunza, kwa bibi harusi wa leo

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat Al-Baqara, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi, ijapokuwa jambo ni dogo. Kwa hiyo kuomba karatasi si kumdhania mtu vibaya. Ni adabu tuliyofundishwa. Katika karatasi hiyo tunashauri yawepo haya:

1. Nani hasa atapiga upande wa wanawake. Jina la kampuni halitoshi. Mtaje mtu, na uandike kwamba msaidizi wake na anayeshika taa nao ni wanawake.

2. Nani atahariri. Wengi husahau. Kamera ikishikwa na dada, kisha picha zikahaririwa na kaka ofisini, stara imepotea chumba cha pili.

3. Picha ghafi zitakaa wapi, kwa siku ngapi, na zitafutwa lini mbele ya nani. Peleka diski yako mwenyewe, upewe vyote, vifutwe kwake.

4. Hakuna kutangaza. Andika wazi kwamba hakuna kipande kitakachowekwa mtandaoni bila ruhusa yako ya maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imetupa pia Tume ya kupeleka malalamiko. Na Katiba, ibara ya 16, inalinda faragha ya kila mtu.

5. Malipo kwa awamu: sehemu ya kuanzia, sehemu siku ya harusi, na salio baada ya kupokea kazi. Andika tarehe.

6. Mazingira. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya mwisho wa mwaka hunyesha sana upande wa mashariki wa Uluguru, na ukungu hushuka bila hodi. Panga mahali pa ndani. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ukitaka kupiga ndani ya msitu wa hifadhi, ulizia kwanza TFS.

Simu za wageni ziachie somo. Kapu mlangoni, na bibi mmoja mwenye macho makali, hufanya kazi kuliko tangazo la mshereheshaji.

Wapo watakaosema basi tuache video kabisa, na ukichagua hivyo una heri yako. Lakini tufikirie na upande wa pili. Bibi zetu wanaojua nyimbo za kumtoa mwali, maneno ya somo, namna ya kusinga, wanatangulia mbele ya haki mmoja mmoja. Anti aliye Muscat hakupata tiketi. Binti utakayemzaa atataka kumsikia bibi yake. Video iliyopigwa na mwanamke na kuhifadhiwa kabatini kwa mama ni kumbukumbu ya ukoo, na Waluguru wangetuambia kwamba mambo ya ukoo hukaa kwa mama.

Na ukumbuke kwamba harusi imekamilika kwa walii, mashahidi, mahari na kutangazwa. Mtume (rehma na amani zimshukie) alimwambia Abdurrahman bin Auf afanye walima, japo kwa mbuzi au kondoo mmoja. Hapakutajwa ukumbi. Kama michango haikutosha, punguza mapambo, usipunguze stara.

Allah awabariki maharusi wetu wa mlimani na wa visiwani, azijaze nyumba zenu mapenzi na huruma, na azihifadhi sura zenu kwa wale tu waliohalalishiwa kuziona. Amin.