Chumba cha jimu Kikwajuni: kabla hujanunua mashine, pitia historia hii

(1)
Mwezi huu swali ni moja tu, linakuja kwa sauti tofauti: "Sista, chumba kimoja cha nyumba nikifanye jimu?" Mtu ameambiwa kliniki apunguze sukari na presha, afanye mazoezi. Anarudi nyumbani Kikwajuni, anakiangalia chumba cha mtoto aliyeolewa au aliyekwenda Muskati, anaanza kupiga hesabu. Mashine za kukimbilia zilizotumika zinakuja na makontena ya Dubai, zinapangwa dukani zimefutwa vumbi kama mpya. Chumba kipo, na pesa zinatafutwa.

Nitajibu, lakini mnanijua, mie sijibu kwa mkato. Hapa kuna suala la historia ndani yake. Mwili wa mtu wa Ng'ambo ulikuwa unachokea wapi zamani? Na umeacha kuchoka tangu lini?

(2)
Kikwajuni ni Ng'ambo. Wadogo zetu wanasema "Ng'ambo" bila ya kujiuliza ng'ambo ya nini. Ilikuwa ng'ambo ya maji. Mkono wa bahari ulikuwa unaingia kati ya Mji Mkongwe na huku kwetu, ukafukiwa kidogo kidogo mpaka ukabaki jina la barabara tu, Creek Road, ambayo leo ni Benjamin Mkapa. Upande wa kule nyumba za mawe, upande wa huku nyumba za udongo na makuti, na watu waliokuwa wanavuka kila siku kwenda kufanya kazi za nguvu: mahamali wa bandarini, wabeba karafuu, waashi, wafuaji nguo, wapishi.

Hapo hakukuwa na haja ya mtu kuambiwa fanya mazoezi. Sultan Barghash, aliyetawala 1870 mpaka 1888, alileta maji ya mabomba mjini kutoka chemchem za upande wa Bububu. Huku Ng'ambo, kwa miaka mingi baada ya hapo, nyumba nyingi zilitegemea visima na mifereji ya mtaani. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, bila ya ndoo yenyewe. Bibi anaibeba kichwani, shingo imenyooka, mgongo umenyooka, anapanda nayo. Akifika nyumbani kuna kinu na mchi unamsubiri, kuna nazi ya kukuna juu ya mbuzi, kuna uwanja wa kufagia ameinama. Wataalamu wa leo wanayaita mazoezi ya kubeba uzito, ya mabega na ya kiuno. Yeye aliyaita kazi, na wala hakuyapenda! Tusije tukaipamba dhiki. Mahamali walizeeka mapema, migongo na magoti yamekwisha, na kina mama walibeba maji mpaka siku ya uchungu. Ninachosema ni kwamba mwili ulikuwa unatumika, basi.

Na ngoma je? Lelemama, ngoma za harusini na za ndani zisizoingia wanaume. Mwanamke aliyecheza ngoma usiku kucha katoka jasho kuliko mtu wa nusu saa kwenye mashine, na hakuna aliyemtazama vibaya, kwa sababu mlango ulifungwa. Uwekeni akilini mlango huo, nitaurudia.

(3)
Michezo ya viwanjani ni habari nyingine, na ilianza kwa ubaguzi. Waingereza waliifanya Mnazi Mmoja kuwa uwanja wazi kati ya mji na Ng'ambo, wakacheza gofu, kriketi na tenisi zao. Mpira wa miguu ndio uliovunja ukuta. Ulichezwa na wanafunzi wa skuli ya misheni ya Kiungani tangu karne ya 19, ukaenea mitaani, na kabla ya Vita vya Pili vya Dunia Ng'ambo ilishakuwa na timu zake, mashabiki wake na ugomvi wake. Vijana waliopangiwa kubeba mizigo mchana walikuwa wanawafunga mabwana zao jioni. Haya msidhani madogo.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 michezo ikawa kazi ya serikali. Uwanja wa Amaan ulifunguliwa 1970 kwa msaada wa China. Sherehe za Mapinduzi zikaleta halaiki, mamia ya watoto wa skuli wakinyoosha mikono kwa pamoja kwa staili ya nchi za kijamaa. Muulize mtu mzima yeyote aliyekuwa kwenye halaiki, bado mikono inakumbuka. Na hapa hapa Kikwajuni tukapata uwanja uliopewa jina la Mao Zedong, ambao ulijengwa upya kwa msaada wa Wachina hao hao na kufunguliwa tena.

Ndio, nimesema hapa hapa Kikwajuni. Yaani kuna watu wanataka kununua mashine ya kukimbilia ndani ya nyumba ambayo ukitupa jiwe linaangukia uwanja wa michezo. Nawaelewa, sicheki. Nitafika.

(4)
Sasa fleti. Zanzibar ilipotambuana na Ujerumani ya Mashariki mwaka ule ule wa 1964, msaada mmoja uliokuja ulikuwa wa nyumba. Kikwajuni na Kilimani ndizo zilizotangulia kupata majumba ya ghorofa ya Wajerumani hao, kabla ya yale marefu ya Michenzani ambayo Mzee Karume aliyataka yawe uso wa Zanzibar mpya na yakaendelea kujengwa miaka ya 1970. Watu walitolewa kwenye nyumba za udongo wakapandishwa juu. Maji yakaingia ndani, choo kikaingia ndani, jiko likaingia ndani.

Kwa afya ilikuwa neema, na muuguzi hawezi kusema vingine: maji ya mfereji ndani ya nyumba yanaokoa watoto. Lakini ndani ya kizazi kimoja ile ndoo ya kilo 20 ikatoweka. Halafu mchele ukaja umeshakobolewa, unga umeshasagwa, tui limo kwenye pakiti, na daladala kisha bodaboda ikamchukua mtu kutoka mlangoni. Zilizobaki ni ngazi. Na siku hizi watu wazima wetu wanaziogopa hata hizo, wanashuka mara moja kwa siku, wanarusha kikapu kwa kamba kununulia mkate.

Vijana wa miaka ile hawakusubiri duka. Walichukua makopo ya rangi, wakayajaza zege, wakachomeka bomba la chuma katikati, wakaacha lishike. Hicho ndicho chuma. Nyuma ya nyumba, chini ya mti, karibu na baraza. Ikiwa leo mnatafuta jimu ya mwanzo ya nyumbani ya Kikwajuni, ni hiyo, na haikuhitaji chumba. Kasoro yake: kopo moja lina zege zaidi ya jingine, bega moja linabeba kuliko jingine. Na ilikuwa ya wanaume tu.

(5)
Mashine zenyewe zimetoka wapi? Hapa nitawachekesha.

Mashine ya kukanyaga usifike popote ilianza kuenea jela. Mwingereza William Cubitt alitengeneza gurudumu la kukanyagia kwa ajili ya wafungwa mwaka 1818. Watu walilipanda kwa saa nyingi kwa siku kama adhabu, na jela za Uingereza ziliendelea nalo mpaka mwisho wa karne ile. Leo mtu analipa aiweke chumbani kwake!

Upande wa tiba, daktari wa Sweden, Gustav Zander, alifungua nyumba ya mashine za mazoezi Stockholm mwaka 1865. Moja ya mkono, moja ya kifua, moja ya kukutikisa tumbo. Matajiri wa Ulaya na Marekani wakazipenda, na mashine za mtindo huo zikafika hadi kwenye meli ya Titanic mwaka 1912, ambako palikuwa na farasi wa umeme na ngamia wa umeme wa kupanda. Ngamia wa umeme, jamani. Mazoezi ya chumbani yalianza kama starehe ya watu ambao kazi zao hazikuwatoa jasho.

Ila aliyetupa sisi watu wa hospitali ushahidi hakuhitaji mashine. Daktari Jerry Morris wa London aliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa, akatoa matokeo 1953. Dereva anakaa siku nzima. Kondakta, basi lile lile, njia ile ile, anapanda na kushuka ngazi siku nzima. Madereva walipata maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta. Wakubishi wakasema labda wanene ndio wanaochagua udereva. Basi Morris na wenzake wakachukua vipimo vya sare walizogawiwa, wakatazama viuno vya suruali, na 1956 wakaandika: kweli viuno vya madereva vilikuwa vikubwa zaidi, lakini hata dereva mwembamba bado alikuwa na hatari kuliko kondakta. Unene peke yake haukutosha kueleza tofauti ile.

Mtu wa fleti za Kikwajuni, soma tena hapo. Ngazi.

(6)
Kuna jambo la Zanzibar ambalo muuza mashine wa Dubai halijui. Umeme wetu unakuja kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Mwaka 2008 ulikatika karibu mwezi mzima. Kisha Disemba 2009 ukakatika tena, tukakaa gizani mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Waliokuwa wadini siku zile wanakumbuka jenereta na maji ya kubeba: ile ndoo ilirudi! Waya mpya mkubwa ulipofika 2013 mambo yakatengemaa sana. Lakini mashine ya kukimbilia bado inakula Tukuza, na hewa yetu ya chumvi bado inakula chuma. Mashine ya chumba kilicho karibu na bahari, isiyofutwa na kutiwa mafuta, inashika kutu kabla hujapungua kilo mbili. Na ukikimbia juu ya dari ya jirani saa kumi na moja alfajiri, utamsikia mwenyewe.

(7)
Basi turudi kwenye mlango uliofungwa, kwa sababu ndio roho ya swali.

Wanaoniuliza juu ya jimu ya nyumbani wengi ni wanawake wa miaka 40 na kupanda. Wanaume wana uwanja wa Mao, wana Maisara, wana ufukwe. Mwanamke naye anaruhusiwa, na vikundi vya mazoezi vya kina mama vipo, mnaviona kila Januari 1 kwenye siku ya mazoezi, fulana za rangi moja, wanatembea na viongozi wa nchi mbele. Lakini Januari 1 ni siku moja. Alfajiri za kawaida kuna watoto wa skuli, kuna chai, kuna macho ya barazani, kuna mtu hana raha kutoka jasho mbele za watu. Bibi zetu walikuwa na ngoma ya ndani. Fleti ilileta mfereji ndani, ngoma ikaachwa nje, na hakuna kilichoshika nafasi yake. Kwa hiyo mwanamke akiniambia anataka chumba, mie simuoni mvivu wala mwenye kujifaharisha. Namuona anadai kitu kilichokuwepo.

Kwa hiyo jibu langu: chumba, ndio. Mashine, hapana, au si sasa.

Mama mmoja wa sukari alikuwa tayari kuuza bangili zake ili anunue mashine ya kukimbilia. Nilimwomba avue viatu kwanza. Nikamgusa nyayo, na sehemu mbili hakunisikia kabisa. Mtu ambaye nyayo hazimwambii kitu, juu ya mkanda unaokimbia, anaweza kupata kidonda na asijue mpaka kinuke. Vidonda vya miguu ndivyo vinavyotupeleka kwenye kukata. Bangili zake bado anazo. Chumbani kaweka mkeka, kiti kizito kisichoteleza, chupa mbili za maji za lita moja na nusu, na ukuta. Anakaa na kuinuka kwenye kiti bila ya kushika, anasukuma ukuta, anainua chupa. Wifi zake wawili wanakuja, wanafunga mlango, wanafungulia taarabu.

Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na kazi ya misuli siku mbili au zaidi. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Misuli inayofanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu, ndio maana sikubali mazoezi ya kutembea tu bila ya kubeba kitu. Mkeka na chupa vinatosha kwa misuli. Kwa mwendo, ngazi zenu mnazo tangu Mjerumani aondoke. Anayeumwa magoti atembee chini, asipande.

Wanaotumia insulini au vidonge vya sukari: pima kabla, weka tende au maji ya sukari karibu, na usifanye ukiwa peke yako umefunga mlango kwa ufunguo. Mwenye presha asizuie pumzi anapoinua, pumua nje kwa sauti, wifi wakucheke. Ukibanwa kifua, acha, njoo hospitali, usisubiri kumaliza.

Na wewe kijana unayetaka kujaza zege kwenye makopo: pima kwenye mzani wa dukani kopo zote mbili kabla hazijashika.

Sehemu inayofuata, in'shaallah, ni miguu: namna ya kujikagua nyayo kwa kioo, na viatu gani vya mitumba Darajani nisingemvalisha mgonjwa wangu.