Uvimbe wa Shingo Ufipa: Kutoka Kupapasa kwa Mkono Hadi Ultrasaundi

Katika kata ya Msanzi, wilayani Kalambo, watu hula walichokilima wenyewe: mahindi, maharage, ulezi. Ardhi ya uwanda wa Ufipa hulisha vizuri, ila bahari iko mbali, na mvua za miaka mingi huosha madini joto kutoka kwenye udongo wa nyanda za juu. Tezi ya shingoni, ambayo kitaalamu huitwa thairoidi, huyahitaji madini hayo ili itengeneze homoni. Ikiyakosa, hutanuka ikijaribu kunasa hata yale machache yanayopita kwenye damu. Hilo ndilo rovu, ambalo wengi hulijua kwa jina la goita.

Milima ya Uswisi nayo iliteswa na maradhi hayo. Daktari Theodor Kocher wa mji wa Bern alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi hiyo, na mwaka 1922 nchi yake ikaanza kutia madini joto kwenye chumvi. Kwetu Tanzania, Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa mwaka 1973, na katika miaka ya 1980 ikaonekana kwamba takriban robo ya watoto wa shule waliopimwa walikuwa na goita. Vikagawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, kisha zikaja kanuni za chumvi za mwaka 1994. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004 ulikuta kiwango kimeshuka hadi asilimia 6.9, na asilimia 83.6 ya kaya zikitumia chumvi yenye madini hayo. Ni ushindi wa kujivunia.

Hata hivyo, chumvi haiyeyushi vinundu vilivyokwisha kuota. Tezi iliyovimba kwa miaka mingi hujaa vinundu, na swali la mgonjwa huwa moja: je, ni saratani? Kwa muda mrefu daktari alijibu kwa vidole vyake tu. Mkono hutambua ukubwa, ugumu, na kama uvimbe unapanda mtu anapomeza mate. Hauwezi kutambua kwa uhakika kilichomo ndani, kama ni maji au nyama.

Mwaka 1958, daktari Ian Donald na wenzake mjini Glasgow walichapisha picha za tumbo zilizopigwa kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu, yaani ultrasaundi. Mwaka 1967 madaktari wa Japani walieleza matumizi ya mawimbi hayo kwenye thairoidi. Mashine zikaboreka, na vinundu visivyoshikika kwa mkono vikaanza kuonekana kwa watu wengi wasioumwa chochote.

Hapo lilizuka tatizo jipya. Korea Kusini ilianza mpango wa kitaifa wa uchunguzi wa saratani mwaka 1999, na hospitali nyingi zikaongeza ultrasaundi ya shingo kwa malipo madogo. Kufikia 2011, saratani za thairoidi zilizogunduliwa zilikuwa mara 15 ya zile za 1993, lakini vifo havikupungua. Maelfu ya watu walikatwa tezi na kubaki wakimeza dawa maisha yao yote, kwa uvimbe ambao pengine usingewadhuru kamwe.

Ndipo wataalamu wakatafuta njia ya kupanga hatari kwa ngazi. Eleonora Horvath na wenzake wa Santiago, Chile, walitoa mfumo wao mwaka 2009, na wataalamu wa radiolojia wa Marekani wakatoa wao mwaka 2017. Katika mfumo huo wa Marekani, msomaji wa picha hutazama mambo matano: kinundu kina maji au nyama, kina weusi kiasi gani, umbo lake, kingo zake, na kama kina chembe zinazong'aa. Kila jibu lina alama. Kifuko cha maji hupata sifuri. Kinundu cheusi sana, kirefu kwenda ndani kuliko upana wake, chenye kingo zilizochongoka, hufika saba au zaidi, na kikiwa na sentimita moja au zaidi huhitaji kuchomwa sindano ili seli zake zichunguzwe. Alama hizo hazithibitishi saratani. Zinaonyesha nani ahofiwe na nani atulizwe.

Kwa Ufipa, mpangilio huu una uzito wa pekee. Penye upungufu wa madini joto, aina ya saratani ya thairoidi inayosambaa kwa damu hadi mifupani na mapafuni huchukua sehemu kubwa kuliko kwingineko. Tiba ya kibingwa iko mbali: Mbeya, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mwenye kifuko cha maji hapaswi kuuza magunia ya mahindi apate nauli ya safari asiyoihitaji. Mwenye kinundu cha alama saba hapaswi kuambiwa ni goita ya kawaida, arudi nyumbani.

Wajawazito wengi wanaijua ultrasaundi. Ikiwa na kifaa cha kupimia shingo na mtu aliyefunzwa, inaweza kulijibu pia swali la mwenye uvimbe. Ripoti ya kila kinundu na itaje mambo yote matano pamoja na ukubwa kwa sentimita, ili daktari wa Mbeya aamue kwa kuisoma kabla mgonjwa hajapanda basi.