Kwa Nini Wageni wa Katanga Walibaki

Katika mashirika yetu ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, mara nyingi tunaombwa kusali kwa ajili ya ndugu aliyevuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kutafuta matibabu Zambia, au aliyepanda ndege kwenda Afrika Kusini, India au Ubelgiji. Tunasali, tunachanga tunachoweza, na baada ya miezi tunasikia kwamba mgonjwa amepata nafuu lakini harudi. Amepanga nyumba huko, mkewe amemfuata, watoto wameandikishwa shule. Hapo maneno huanza. Huyu atasema kwamba ndugu yetu amependa anasa za ugenini, yule kwamba ameyasahau makaburi ya wazazi wake. Kila ninaposikia maneno hayo nakumbuka kwamba wengi wetu tunaoyasema tumezaliwa Katanga kwa sababu babu au bibi yetu naye alikataa kurudi kwao. Na aliyemzuia, mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri, alikuwa mganga wa hospitali.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na shaba ya kwanza ikayeyushwa mwaka 1911. Nchi ilikuwa na mawe mengi ya thamani na watu wachache, kwa hiyo wafanyakazi walipaswa kutoka mbali. Wengi wa kwanza walitoka Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, wakiandikishwa na watu wa Robert Williams. Wengine waliletwa na Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kutafuta wafanyakazi iliyofunguliwa mwaka 1910. Walikuja kwa mikataba ya miezi michache tu, bila wake zao, wakalala wengi katika vibanda vibovu na kula chakula wasichokizoea.

Nao walikufa. Walikufa kwa kichomi, kwa kuhara damu, kwa homa ya matumbo, na mwaka 1918 homa ya mafua iliyozunguka dunia nzima ikapita katika kambi zao pia. Hakuna aliyefikiri habari ya kukaa. Aliyemaliza mkataba akiwa na nguvu alichukua mshahara wake na nguo alizonunua, akarudi kijijini. Wengi hawakungoja hata kumaliza, walitoroka usiku. Mshahara ulikuwepo, bidhaa za kununua zilikuwepo, lakini mtu hakai mahali ambapo kila juma anawasindikiza wenzake kaburini.

Kwa kampuni hiyo ilikuwa hasara. Kila mtu aliyeletwa alikuwa amegharimu malipo ya mwandikishaji, nauli na posho, na mara tu alipoanza kuijua kazi alikuwa tayari anaondoka. Tuwe wakweli: hesabu hiyo ndiyo iliyoanza kujenga hospitali za Katanga, ingawa baadaye watu wenye mapendo ya kweli walitumika ndani yake.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza, Ubelgiji ilikabidhiwa kuzitawala Rwanda na Urundi kwa niaba ya Shirika la Mataifa. Kuanzia mwaka 1925 kampuni ikaanza kuandikisha vijana huko. Tuitafakari safari yao kwa njia ya wakati ule: kuteremka kutoka milimani hadi ziwani, kuvuka Tanganyika hadi Albertville, ndiyo Kalemie, kupanda treni hadi Kabalo, kushika mashua ya mto Lualaba hadi Bukama, kisha treni tena hadi kwenye migodi. Kijana aliyezoea ubaridi wa milima, maharage na viazi vitamu, alikuta joto la bondeni na ugali wa mahindi kila siku. Wengi waliugua njiani, wengi zaidi baada ya kufika. Ndipo wakubwa wa kampuni walipolazimika kuwapumzisha kwanza, kuwachanja, kuwapima uzito, kuwazoesha chakula, na kuwaingiza kazini polepole. Kule nyumbani nako, mwaka 1928 na 1929 njaa kubwa waliyoiita Rwakayihura ikaiumiza Rwanda. Aliyekuwa Katanga na aliyebaki nyumbani, wote wawili walikuwa wakipima mahali gani mtu anaweza kuishi.

Mwaka 1928 hivi kampuni ilibadili siasa yake. Badala ya miezi sita, mkataba ukawa wa miaka mitatu. Badala ya mwanamume peke yake, aitwe pamoja na mkewe. Aliyeisimamia sana siasa hiyo alikuwa mganga, Daktari Léopold Mottoulle, aliyewekwa kuwa mkuu wa mambo ya wafanyakazi Waafrika. Jambo lenyewe linatosha kutufundisha: ofisi ya kazi ilikabidhiwa kwa mtu wa hospitali. Alielewa kwamba mfanyakazi aliye na mke mwenye afya na watoto wanaokua hatatoroka, na kwamba watoto hao watakuwa wafanyakazi wa kesho.

Basi zikaja nyumba za kudumu, zikaja materniti, zikaja siku za kupima watoto kilo, maziwa, supu ya watoto, chanjo. Masista na wauguzi wakawa watu wanaojulikana kwa majina katika kila kambi. Mapadri Wabenediktini wakafungua shule na makanisa humo humo.

Nataka tukae kidogo juu ya mama wa kambi, kwa maana vitabu vingi vinamsahau. Mwanamke wa Luapula, wa Kasai au wa Rwanda, akijifungua kwao, alizungukwa na mama yake, shangazi zake na wazee wanaojua mizizi. Katika kambi hao wote hawakuwapo. Jirani wa kulia alisema lugha nyingine, na jirani wa kushoto lugha nyingine tena. Kiswahili hiki chetu cha Katanga walikuwa bado wanajifunza pamoja mbele ya bomba la maji. Katika upweke huo, materniti ilichukua mahali pa ukoo. Mtoto alizaliwa, akaishi, akarudishwa kila juma kupimwa. Akapata homa, akachomwa sindano, akapona. Baada ya miaka mitatu mume aliitwa ofisini aseme kama anatia sahihi tena au anarudi kwao.

Swali hilo halikujibiwa ofisini. Lilijibiwa nyumbani usiku, na katika nyumba nyingi mwenye neno zito alikuwa mama. Huko kwao kulikuwa na shamba, na wazazi, na heshima ya mtu aliyerudi na mali. Lakini mtoto akishikwa na homa usiku, zahanati ilikuwa umbali gani? Mshahara hubebeka, mtu anaweza kuufunga katika kitambaa na kuupeleka kijijini. Hospitali haibebeki. Ndiyo sababu, kwa mawazo yangu, ukoo wa watu wa Katanga ulijengwa kwa vitanda vya materniti kuliko kwa shaba yenyewe.

Hata hivyo, wema huo ulikuwa na kamba yake. Matibabu yalikuwa haki ya mfanyakazi wa kampuni na jamaa yake, si haki ya mtu kwa kuwa ni mtu. Supu ya watoto ililiwa mbele ya macho ya wasimamizi, na kina mama wengi hawakupenda kuambiwa jinsi ya kulisha watoto waliowazaa wenyewe. Kisha, bei ya shaba ilipoanguka katika miaka ya 1930 hadi 1932, maelfu walirudishwa makwao, hata wale walioitwa kwa maneno matamu kuja kukaa. Hospitali ilibaki wazi, lakini wao hawakuwa tena kati ya watu wake.

Wala afya haikuwafunga watu midomo. Mwezi wa Desemba 1941, wafanyakazi wa kampuni waligoma kudai mshahara wa haki, na tarehe 9 askari wakawapiga risasi huko Élisabethville. Waliouawa walikuwa wanaume ambao watoto wao walipimwa kilo vizuri kila juma. Sisi Wakatoliki tusiipite habari hii haraka. Mapadri na masista wetu walitumika katika kambi za kampuni, chini ya mapaa ya kampuni. Mapendo na hesabu vililala nyumba moja, na si rahisi leo kuvitenganisha kwa kisu.

Kulikuwa pia na mfano mwingine, kando ya Ziwa Tanganyika, ambao walei tungepaswa kuujua kuliko tunavyoujua. Adrien Atiman alizaliwa katika nchi ya Mali ya leo, akatekwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe. Kardinali Lavigerie alimtuma na wenzake kusomea uganga katika kisiwa cha Malta, na mwishoni mwa miaka ya 1880 akafika Karema, upande wa Tanzania ya leo, karibu kuelekeana na Mpala na Moba za kwetu. Hakuwa padri. Alioa binti wa nchi ile, na mwana wao Joseph akawa padri. Alitibu watu wa ziwa kama katekista na mganga hadi alipofariki mwaka 1956. Katika habari za Katanga, mgeni alibaki kwa sababu alitibiwa. Katika habari ya Atiman, mgeni alibaki ili atibu. Tena wagonjwa wake hawakuulizwa namba ya mkataba.

Katika miaka ya 1950, Padri Placide Tempels alipoanza Jamaa karibu na Kolwezi, alikuta mabwana na mabibi waliokaa, waliozaa na kulea kambini. Wafanyakazi wa 1915, wanaume wapweke wenye kungoja treni ya kurudi, wasingeweza kuwa Jamaa.

Uhuru ulipofika mwaka 1960, nchi nzima ilikuwa na wasaidizi wa waganga wenye ujuzi mwingi, lakini hakuna Mkongo aliyepewa shahada ya udaktari. Waganga Wabelgiji wengi walipoondoka, Shirika la Afya Duniani lilileta waganga wa mataifa mengine, na makumi ya wasaidizi wetu wakatumwa Ufaransa kumaliza masomo. Hivyo safari ya ng'ambo kwa ajili ya dawa ilianza upande wa waganga kabla ya upande wa wagonjwa. Mwaka 1967 migodi ikawa mali ya serikali, na Gécamines ikarithi hospitali pamoja na mashimo. Kwa miaka mingi bado, mtoto wa mfanyakazi wa Gécamines alizaliwa, akachanjwa na kusomeshwa bila baba yake kufungua mfuko.

Kisha jengo likabomoka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Kampuni iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980 ikashindwa kulipa mishahara. Mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa malipo ya mara moja na kuondoka. Waliita jambo hilo kuondoka kwa hiari. Walihesabiwa pesa mkononi, na wengi walidhani wameuza kazi tu. Ugonjwa wa kwanza nyumbani ndio uliowaonyesha kwamba wameuza pia hospitali. Katika nchi yetu kuna hospitali ambamo mama aliyejifungua huzuiliwa na mtoto wake mpaka deni lilipwe, na kati ya mama hao wamo wajukuu wa wale walioamua kubaki kwa sababu ya materniti.

Basi tusishangae njia ikigeuka. Kutoka Lubumbashi hadi Kasumbalesa ni kilomita tisini hivi, na nchi ya pili yake ndiyo ile ile iliyotuletea wafanyakazi wa kwanza. Zambia ilifuta malipo ya zahanati za vijijini mwaka 2006. Mgeni haingii kwa urahisi wa mwenyeji, lakini mama mwenye mtoto wa SS, ambaye damu yake inahitaji uangalizi maisha yote, hapimi jambo hilo kwa uraia. Anapima kwa saa: kutoka maumivu yanapoanza hadi mahali pa kuongezewa damu safi. Bibi yake alipima vivyo hivyo.

Na Ubelgiji? Kifungu cha 9ter kiliingizwa mwaka 2006 katika sheria yake ya wageni ya 1980. Kinasema kwamba mgeni anayeishi huko akiwa na ugonjwa mzito anaweza kuomba ruhusa ya kukaa, ikiwa nchini kwake hakuna matibabu ya kufaa. Hivi cheti cha mganga kimekuwa cheti cha makao, kama kilivyokuwa kimya kimya katika kambi za Katanga. Tofauti ni kwamba sasa mgonjwa ndiye anayepaswa kuthibitisha, kwa karatasi, kwamba nchi yake haiwezi kumponya. Anaandika hapa kuomba barua kwa mganga aliyemtibu zamani, na mganga huyo, ambaye pengine hajalipwa miezi kadhaa, anakaa chini na kuandika kwamba dawa fulani haipatikani hospitalini kwake. Mganga wa ofisi ya wageni ya Brussels anaisoma bila kumwona mgonjwa, kama akitaka. Akiona mahali kwamba dawa ile inauzwa katika famasi moja ya Kinshasa, ombi linaweza kukataliwa, hata kama mgonjwa ni mtu wa Kolwezi na jamaa yake yote haina nauli ya kufika Kinshasa.