UHURU ILIYOKUWA IKIPITA JUU YA ZIWA VIKTORIA

Wadau, Februari 2019 watu waliililia mashine. Kweli kabisa! NASA ilitangaza kwamba Opportunity ndo basi tena. Hiyo ni roboti ya magurudumu sita iliyotua Mars mwaka 2004 kwa kazi ya siku 90 tu, ikapiga mzigo miaka 14 mpaka dhoruba ya vumbi ya 2018 ilipoizima. Mitandaoni machozi yalimwagika utadhani kafa mtoto wa jirani.

Kwa mtu wa Mwanza hilo si la kushangaza sana. Huku hata mtumbwi wa dagaa unapewa jina, na ukishakuwa na jina si mbao tena.

Sasa kuna chombo cha anga kilichopewa jina la Kiswahili kabisa. Kilirushwa 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Jukwaa la Waitaliano, satelaiti ya Wamarekani. Kwenye makaratasi iliitwa SAS-1, kama namba ya gari. Ila siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, na Marjorie Townsend, mama aliyesimamia mradi, akaiita Uhuru, kuwashukuru wenyeji.

Hapa ndipo patamu. Njia yake iliifuata Ikweta, haikutoka nje ya nyuzi 3 kaskazini au kusini. Mwanza iko nyuzi 2 na nusu kusini. Yaani kila baada ya dakika kama 103 Uhuru ilikatiza anga ya Ziwa Viktoria, karibu mara 14 kwa siku, na wavuvi chini na taa zao hawana habari! Majini kulikuwa na MV Uhuru, meli ya kubeba mabehewa, na juu Uhuru nyingine.

Kazi yake? Kusaka nyota zinazotoa mionzi ya eksirei, jambo ambalo hakuna satelaiti iliyowahi kutengewa kabla yake. Ilipata vyanzo 339. Vipimo vyake vya Cygnus X-1 viliwafanya wanasayansi waanze kuamini kwamba mashimo meusi yapo kweli.

Machi 1973 ikanyamaza. Mwaka 1979 ikaanguka, bila mshumaa wala RIP ya mtu, maana hata mitandao haikuwepo.

Ila SAS-1 nani anaikumbuka? Mpaka leo kuna nyota ambazo majina yao kwenye vitabu vya wanasayansi yanaanza na 4U. Hiyo U ni Uhuru.